Gurudumu Geni Njia ya Ujiji

Tabora ilikuwa ya wapita njia tangu enzi za misafara, na bado ni ya wapita njia. Magari ya IT, yaani yaliyo safarini (in transit), yanayokwenda Kongo kwa kupitia Kigoma hutoka bandari ya Dar es Salaam, yakapanda Dodoma, yakashika Manyoni na Itigi, yakaingia kwetu, kisha yakaendelea Urambo, Kaliua, Nguruka na Uvinza hadi ziwani, ambako hupakiwa melini kuvuka kwenda Kalemie au Uvira. Mengi yana usukani wa kushoto, kwa kuwa Kongo huendesha upande wa kulia. Ukiwa na karakana ya tairi mahali kama hapa, magari ya mjini hukulisha, lakini magari ya IT hukusomesha. Yanakuja na vifaa ambavyo hujawahi kuviona, yanaletwa na dereva ambaye wiki iliyopita hakuwa akilijua gari hilo, na hayana nafasi ya kurudi kesho kama kazi imeharibika. Gari likiondoka, limeondoka na ulichokifanya.

Nilikaa miaka mingi kwenye karakana ya namna hiyo pale Ng'ambo, hapa hapa Tabora, kwanza kama kijana wa kuziba pancha, baadaye kama msimamizi. Nataka kuandika juu ya jambo moja nililojifunza pale: gurudumu la pikapu moja linapohamia kwenye pikapu nyingine, na kile kidude kilichofichwa ndani ya rimu kinachopima upepo. Nimeona watu wakikichukulia kama pambo la magari ya kisasa, kitu cha kung'olewa au kupuuzwa, na nimeona gharama ya kukipuuza.

Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa mstaafu wa reli. Huu ni mji wa reli. Njia ya Wajerumani ilifika hapa mwaka 1912 na ikafika Kigoma 1914, na ni hapa njia ya Mwanza inapoachana na ya Kigoma. Mtu aliyekulia kwenye reli haamini macho yake linapokuja suala la gurudumu. Reli yetu ya kati, ile ya zamani, ina upana wa milimita 1,000, ya TAZARA ina milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67 tu, nayo imetosha kulazimisha mizigo ishushwe na kupakiwa upya pale Kidatu, reli hizo mbili zinapokutana. Mzee aliitaja Kidatu kila mteja aliposema "hii itaingia tu." Mfukoni mwa koti lake la kazi kulikuwa na kalipa ya kupimia, na hakufunga rimu iliyotoka kwenye gari jingine kabla hajaitoa kalipa hiyo.

Pikapu iliyonifundisha zaidi ilikuwa Toyota Tacoma ya mwaka 2012, iliyoagizwa kutoka Marekani na kupelekwa Kalemie. Mwenyewe, mama mmoja mfanyabiashara wa huko, alikuwa amepanda humo humo pamoja na dereva wa IT kutoka Dar es Salaam, kwa sababu hakutaka mali yake isafiri peke yake. Upande wa Itigi, kwenye mchepuko, waligonga mawe. Rimu mbili za kushoto zilipinda midomo na tairi zake zikakatika ubavuni. Mahali pa gurudumu moja walifunga spea. Lile la pili fundi wa njiani aliligonga nyundo mpaka likakaa sawa kiasi, akatia kiraka ndani ya tairi na tyubu juu yake. Ili valvu ya tyubu ipate tundu la kutokea, aling'oa valvu ya aluminiamu iliyokuwapo pamoja na kidude chake cha ndani, akakitupa. Hakuna aliyemkataza, kwa maana hakuna aliyejua ni kitu gani.

Karakana ilikuwa na rimu mbili za Hilux zenye tairi nzuri za kipimo kile kile, 265/70R16. Mzee alipima bila haraka. Stadi sita. Duara la stadi, milimita 139.7. Tundu la katikati linalokaa juu ya habu, milimita 106.1. Uzi wa nati, M12 wa hatua ya 1.5. Kwa vipimo vyote hivyo Tacoma na Hilux ni kitu kimoja. Akaangalia pia uso wa nati unavyokaa kwenye rimu, maana nati za rimu ya chuma zina koni, na nyingi za aloi za Toyota zina shingo na washa bapa. Ukizichanganya, nati itakazika mkononi na kulegea barabarani.

Nasimama kidogo hapa, kwa sababu watu wengi huhesabu stadi na kuishia hapo. Ford Ranger nayo ina stadi sita kwenye duara la milimita 139.7, lakini tundu lake la katikati ni milimita 93.1. Rimu ya Ranger haiwezi kupita kwenye habu ya Hilux. Rimu ya Hilux hupita kwenye habu ya Ranger, lakini huning'inia kwenye nati peke yake bila kushikwa na habu, na gari huanza kutetemeka likishika mwendo; linahitaji pete ya kuziba ile nafasi. Nissan Navara ya D40 ina stadi sita pia, ila duara lake ni milimita 114.3, na nati za Nissan ni za hatua ya 1.25. Land Cruiser za mkonga za miaka hii zina stadi tano kwenye duara la 150. Haya ni mambo ya chuma, na chuma kina heshima yake: kisipokubali, hukataa hapo hapo, mbele ya macho yako.

Chuma cha Tacoma kilikubali. Tulifunga, tukajaza upepo, dereva akaenda kulijaribu gari barabara ya Urambo, akarudi akiwa na wasiwasi. Kwenye dashibodi palikuwa na taa ya njano, umbo la tairi lililokatwa lenye alama ya mshangao katikati. Ilipepesa kama dakika nzima kila alipowasha gari, kisha ikabaki imewaka.

"Papa," yule mama alimwuliza Mzee, "hii taa inasema nini?"

Dereva alikuwa ameshakitafuta kitufe cha kuseti kilichoko chini ya dashibodi na kukibonyeza. Taa haikuzimika. Hapo ndipo somo langu lilipoanzia, kwa sababu siku ile tulitafuta majibu mpaka tukayapata.

Ndani ya kila rimu ya gari la namna hiyo, nyuma ya valvu, kuna kisanduku kidogo cha plastiki chenye kipima upepo, redio ndogo na betri. Gari likisimama, hulala. Likitembea, huamka na kutuma habari kila baada ya muda mfupi: upepo kiasi gani, joto kiasi gani, na juu ya yote, mimi ni nani. Kila sensa ina namba yake, mchanganyiko wa tarakimu na herufi, na kompyuta ya gari imehifadhi namba za magurudumu yake. Habari ikija na namba isiyomo kwenye kumbukumbu, kompyuta haiisikilizi. Lazima iwe hivyo. La sivyo, ungeegesha gari sokoni na likapokea upepo wa tairi za jirani.

Ile taa, basi, ina lugha mbili. Ikiwaka moja kwa moja bila kupepesa, inasema tairi halina upepo wa kutosha. Ikipepesa kwanza kwa dakika moja hivi ndipo itulie, inasema mfumo wenyewe una kasoro: kuna gurudumu ambalo halisikiki. Tacoma ile ilikuwa ikisema la pili. Magurudumu mawili ya kulia yalikuwa yanazungumza. Rimu za Hilux za kushoto zilikuwa bubu, kwa kuwa Hilux zilikotoka hazikuwa na sensa kabisa. Na kile kitufe alichokibonyeza dereva hakisajili gurudumu jipya. Kwenye Toyota zenye kitufe hicho, kazi yake ni kuiambia kompyuta ichukue upepo uliomo sasa kuwa ndio wa kawaida. Ukikibonyeza tairi likiwa limelegea, umeifundisha kompyuta kukubali ulegevu.

Sensa moja tulikuwa nayo: rimu iliyopinda na kuwekwa nyuma kwenye bodi ilikuwa bado na yake. Mzee alilivua tairi kwa kuanzia upande wa pili wa valvu, akaitoa, akaifuta, akaihamishia kwenye rimu ya Hilux akiwa na mpira mpya wa kuzibia. Namba yake ilikuwa imo tayari kwenye kompyuta, kwa hiyo gari lililitambua gurudumu lile bila kuulizwa chochote. Hiyo ndiyo njia rahisi kuliko zote, na watu huisahau: badala ya kulizoesha gari gurudumu jipya, hamishia sauti ile ile kwenye rimu mpya.

Ilibaki ile iliyotupwa. Kijana mmoja wa mjini alituletea sensa aliyoipata kwenye gari la Ulaya lililokatwa. Ilikaa kwenye tundu vizuri, nati ikakaza, upepo haukuvuja. Tacoma haikuisikia. Magari mengi ya Marekani ya wakati ule husikiliza kwa megahezi 315, na ya Ulaya hutuma kwa megahezi 433. Ni kama kutafuta stesheni ya redio kwenye masafa ya stesheni nyingine. Unaweza kubadilisha mpira na valvu hadi jioni, hutasikika. Na hata masafa yangelingana, bado kuna lugha ya kutumia masafa hayo, ambayo kila mtengenezaji anayo ya kwake, na bado kuna namba ya kusajiliwa kwa mashine inayochomekwa kwenye soketi ya chini ya usukani.

Kijana mwingine, mwenye kompyuta ya kusomea magari, alifanya jambo lililotusaidia kweli. Alichomeka mashine yake na kusoma namba zote zilizomo kwenye kumbukumbu ya gari, ikiwemo ya ile sensa iliyotupwa porini. Yule mama akatoa daftari lake la hesabu akaziandika moja moja, akizirudia kwa sauti. Siku hizi zinauzwa sensa tupu zinazoweza kuandikwa namba yoyote. Ukiwa na namba ya zamani, sensa mpya ya masafa sahihi huandikwa namba ile ile, na gari halijui kama kuna lililobadilika. Ilibidi iagizwe Dar es Salaam, na hawakuwa na siku za kusubiri. Meli haisubiri.

Kabla sijaeleza walivyoondoka, nieleze kwa nini Mzee hakukubali waondoke hivi hivi.

Kidude hiki kilizaliwa na misiba. Mwaka 2000 kampuni ya Firestone iliita tairi milioni 6.5 zirudishwe, baada ya tairi zake kubanduka zikiwa kwenye mwendo na magari, hasa Ford Explorer, kupinduka. Watu zaidi ya 200 walikufa Marekani. Chanzo kilibishaniwa sana, lakini upepo mdogo ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyotajwa. Tairi lililolegea hujikunja ubavuni kila linapozunguka. Kujikunja huzaa joto, na joto hutenganisha mpira na nyaya zake. Novemba mwaka ule Marekani ilipitisha sheria, na kuanzia Septemba 2007 kila gari jepesi jipya nchini humo lilipaswa kuwa na mfumo wa kuonya upepo wa tairi ukishuka kwa asilimia 25 chini ya kiwango cha kiwandani. Tacoma ya 2012 ilibeba sheria ile mpaka Ng'ambo yetu.

Asilimia 25 si kidogo. Kibandiko cha nguzo ya mlango kikisema psi 30, taa inaweza kungoja mpaka 22.5. Pikapu ya kwetu iliyojaa magunia ya mahindi au madumu ya asali, jua la Oktoba likiwa utosini, tairi la psi 24 linaweza kupikika kabla taa haijasema neno. Ndiyo kusema hata taa nzima haiondoi geji. Taa iliyokwama kwenye kuwaka, hiyo imeondoka kabisa kazini, na ubaya wake ni kwamba bado ipo pale inaonekana. Dereva huizoea siku ya kwanza, ya pili haioni. Msumari ukiingia siku ya tatu, onyo la kweli litakuja kwa taa ile ile ambayo tayari imewaka.

Mzee alimwambia yule mama hivyo, kwa maneno machache kuliko yangu. Akamwuzia dereva geji, akamwonyesha namna ya kupima asubuhi kabla gari halijatembea, akamwagiza asimame apime Urambo, Kaliua, Nguruka na Uvinza. Akamwambia pia asishangae namba za huku. Dar es Salaam iko usawa wa bahari, Tabora iko kama mita 1,200 juu. Hewa ya nje ni nyepesi zaidi, kwa hiyo tairi lililojazwa pwani, likiwa na joto lile lile, huonyesha karibu psi 2 zaidi likifika hapa. Na kila joto likipanda nyuzi 10, upepo huongezeka karibu psi moja na nusu. Madereva wengi hutoa upepo mchana kwa kuona umezidi, wakaamkia tairi zilizolegea alfajiri.

Kaliua dereva alikuta psi 22 kwenye tairi la nyuma la kulia. Msumari. Alitupigia simu akiwa bado ameshika geji mkononi, sauti ikimtetemeka kidogo, kwa sababu taa ilikuwa ile ile na hali ile ile tangu atoke kwetu, na gari alilihisi ni zima.

Nimekuwa nikilifikiria gari lile kila ninapokwenda Kwihara, jirani na mji wetu, kwenye lile tembe ambalo wasafiri Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872, na ambalo sasa ni makumbusho. Stanley alipopita huku mwaka 1871 akielekea Ujiji, tatizo lililomsumbua tangu Unguja lilikuwa shanga. Katika kitabu chake How I Found Livingstone anaeleza kwamba shanga nyekundu zilipokelewa Unyamwezi ambako nyingine zilikataliwa. Nyeusi zilikuwa fedha Ugogo na kwingine hazikuwa na thamani. Zile kubwa za umbo la yai zilipendwa Ujiji na kukataliwa njiani. Nyeupe zilikubalika Ufipa na sehemu za Usagara na Ugogo. Msafiri alipaswa kukisia mapema atakaa wapi kwa muda gani, anunue kila aina kwa kiasi chake, na awape wapagazi wabebe. Akikosea, alikuwa na mzigo wa frasila na frasila ambao haununui hata kuku.

Shanga zote zilikuwa vipande vyenye tundu. Muuzaji wa Unguja angeweza kuapa kwamba ni nzuri, na angekuwa amesema kweli. Lakini uzuri wake haukuamuliwa dukani. Uliamuliwa na mpokeaji. Ndivyo ilivyo kwa sensa. Muuzaji atakuambia inaingia kwenye rimu, ina betri, inatuma, na yote ni kweli. Anayeamua ni kile kisanduku kilichoko ndani ya gari lako. Swali la kwanza, basi, si "hii sensa ni nzima?" Swali ni "gari langu linasikiliza nini?" Mwaka wa gari, nchi lilikouzwa likiwa jipya, masafa yake. Pikapu mbili zenye jina moja na sura moja, moja ikiwa imeuzwa Ulaya na nyingine Marekani, zinaweza kukataliana magurudumu kwa sauti ingawa yamekubaliana kwa chuma.

Gurudumu lenyewe, tukisema kweli, lilichelewa sana kwenye njia hii. Wamisionari wa London Missionary Society walijaribu kulileta mwaka 1877. Safari ya majaribio ya mwaka uliotangulia, kutoka Saadani hadi Mpwapwa, ilikuwa imetoa matumaini. Wakanunua ng'ombe na mikokoteni. Mbung'o, au ndorobo kama tunavyowaita huku, wakawamaliza ng'ombe, mikokoteni ikaachwa, na mizigo ikarudi begani kwa wapagazi, Wanyamwezi wengi wao, kila mmoja na frasila zake mbili hivi. Walifika Ujiji mwaka 1878 kwa miguu. Ninawataja kwa sababu kosa halikuwa la gurudumu. Mikokoteni ilikuwa imara, ila ilitegemea mnyama ambaye nchi hii haikumpokea.

Si wageni tu wanaokosea. Kuna ofisi moja hapa mkoani iliyokuwa na Ranger mbili zilizonunuliwa Uingereza zikiwa zimetumika. Moja ilipata ajali, na magurudumu yake mazima yakahamishiwa nyingine. Jina moja, masafa mamoja, rimu moja. Taa ikawaka, kwa kuwa namba zilikuwa za gari jingine na hakuna aliyezisajili. Ilikuwa kazi ya muda mfupi kwa mtu mwenye mashine. Badala yake msimamizi wa magari aliagiza ibandikwe plasta nyeusi juu ya taa ili madereva wasihangaike. Plasta ile iliniudhi kuliko uharibifu wowote nilioletewa karakanani, na bado inaniudhi. Gari lilipoletwa kwetu tairi la nyuma lilikuwa limepasuka vipande barabara ya Sikonge, na ndani ya ubavu uliobaki palikuwa na unga mweusi wa mpira, alama ya tairi lililotembea muda mrefu likiwa limelegea. Waliokuwamo walipona, mmoja akiwa na mkono uliovunjika. Sensa ya gurudumu lile tuliipima: ilikuwa nzima, ilikuwa inatuma. Njia nzima ilikuwa imeita, na hakuna aliyekuwa ameiandika jina.

Baada ya hapo tulibadili utaratibu wetu. Gari lenye valvu ya chuma kwenye rimu tulilitazama mara mbili kabla ya kugusa taimbo, kwa maana valvu ya chuma mara nyingi ina sensa nyuma yake, ingawa zipo pia zenye valvu ya mpira. Tairi tulilivunja mdomo mbali na valvu. Vijana tuliwakataza kutia maji ya kuziba pancha kwenye rimu yenye sensa, kwani huganda na kuziba kitundu cha kupimia. Vilevile tuliwakataza kuweka sindano ya shaba tupu kwenye valvu ya aluminiamu. Metali hizo mbili hulana, hasa gari likiwa limetoka pwani, na siku ya kuifungua valvu hukatika mkononi. Inayotakiwa ni sindano iliyopakwa nikeli. Na mteja aliyetaka tyubu, tulimkabidhi sensa yake mkononi, ndani ya mfuko, na namba yake imeandikwa juu ya karatasi.

Yule mama wa Kalemie alitafutiwa sensa Dar es Salaam, ya megahezi 315, ikaandikwa namba iliyokuwa kwenye daftari lake, ikavushwa ziwa na mtu aliyekuwa akisafiri. Alimpigia Mzee simu yeye mwenyewe kusema kuwa taa imezimika. Mzee alimwuliza kama bado anapima kwa geji asubuhi. Alisema anapima.

Sasa rimu zilizotumika zimejaa sokoni, nyingi zikitangazwa kuwa "zina sensa," na bei imeongezwa kwa ajili hiyo. Betri ya sensa imezibwa ndani ya gundi ngumu, haibadilishwi, na maisha yake ni kama miaka mitano hadi kumi. Ukinunua leo rimu iliyotoka kwenye gari la 2012 ikiwa na sensa yake ya kiwandani, huenda umebeba plastiki tu. Kuna kifaa cha mkononi kinachoiamsha sensa ikiwa bado ndani ya tairi na kuonyesha namba yake, masafa yake, na mara nyingi hali ya betri. Mwambie muuzaji akiwashe mbele yako, gurudumu moja baada ya jingine, na uandike kinachoonekana. Kama hana kifaa hicho, lipia rimu na tairi peke yake.